Jino Lililorudishwa

Jumamosi ile mvua ilikuwa imewakusanya watu wote wa Suva sokoni, na ghorofa ya juu, wanakouza yaqona, mizizi inayotwangwa ikawa kinywaji, ilikuwa haipitiki. Pranita alipanda ngazi na nguo zake nyeupe za msiba zimelowa mpaka magotini, mwavuli umevunjika, na hasira za kuwatosha wachuuzi wote. Baba yake alikuwa amefariki wiki ile. Wageni walikuwa wamejaa barazani, na yaqona ya kuwanywesha ilikuwa imekwisha.

"Dada, usininunie mimi. Inunie mvua," alisema kijana mmoja nyuma ya meza. Alikuwa mrefu, shati lake la maua, sulu yake ya kijivu, shuka ya kiunoni, imepigwa pasi kama ya mtu anayekwenda kanisani.

"Nataka mizizi, sitaki maneno."

"Mizizi nauza. Maneno nakupa bure."

"Ni ya msibani, kaka. Baba yangu."

Utani ukamtoka usoni. Akainuka, akamfungia mafungu mawili badala ya moja, akambebea mpaka kwenye teksi huku mvua ikimmwagikia. "Naitwa Vilikesa," alisema dirishani. "Pole sana. Hilo la pili linatoka kwetu."

Mapenzi yaliyoanzia kwenye msiba watu huyaogopa, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini nani angemwambia Pranita? Simu yake ikawa haitulii.

"Umekula?"

"Nimekula roti."

"Roti na nini?"

"Roti na mawazo."

"Basi nakuletea magimbi, mrembo wangu. Mawazo hayashibishi."

"Njoo na nyundo pia. Nyumba inaniangukia."

Pranita hakuwa anatania. Nyumba aliyoachiwa na baba yake kule Samabula ilikuwa ya mbao, juu ya nguzo, bati limeliwa na kutu. Pamoja na nyumba alikuwa ameachiwa Shangazi Kamla, dada wa baba yake, mwanamke mkavu wa mwili na wa maneno ambaye hakuwahi kuolewa. Shangazi alikuwa na kiti chake jikoni, mgongo ukutani, na tangu Pranita akiwa mtoto hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza.

"Hapa ndipo pangu," ndilo lilikuwa jibu lake kila akiulizwa.

Siku Shangazi alipokwenda hekaluni, Vilikesa alikuja kubadilisha mbao zilizooza. Akakisogeza kiti. Akang'oa ubao wa nyuma yake, na kitu kikadondoka miguuni pake: kitambaa cha kichwani cha rangi ya manjano, kimefungwa fundo. Pranita akalifungua akicheka, akidhani ni dhahabu ya bibi.

Zilikuwa bangili za kijani za kioo, za bibi harusi, ambazo hazijawahi kuvaliwa. Katikati yake lilikuwapo jino la nyangumi, jekundu kama chai iliyokolea, na kamba yake ya kusuka. Ncha yake ilikuwa imemeguka.

Vilikesa akachuchumaa. Hakuligusa.

"Hili ni la Baba Mdogo Emori," alisema taratibu. "Kwetu kila mtoto anaijua hiyo ncha. Lililetwa kwa Wahindi wa Samabula kuomba mke. Likapokelewa. Mke hakutolewa, na jino halikurudi. Emori akaenda jeshini, akapelekwa Lebanoni, akarudi ndani ya jeneza."

"Vili, mimi sikujua—"

"Niache niende nyumbani kwanza."

Akaondoka na nyundo mkononi. Hakupiga simu jioni ile wala kesho yake. Pranita alipopiga, hakupokea. Basi akajitengenezea maelezo yake mwenyewe, kama tufanyavyo sote mpenzi akinyamaza: wanatuita wezi, ananionea aibu. Kumuuliza Shangazi hakuthubutu. Utamwambiaje mtu mzima kwamba baba yake mwenyewe alikula posa ya watu? Alirudisha ubao, akarudisha kiti, na Shangazi akaendelea kuulinda ukuta usio na kitu.

Jumapili akavaa sari yake ya bluu, akalifunga jino kwenye kitambaa safi na kwenda nalo Nausori, nyumbani kwa kina Vilikesa.

Aliwakuta wazee mkekani, wamelizunguka karai la yaqona. Waisale, baba mkubwa wa Vilikesa, alikuwa amekaa upande wa juu, mahali pa heshima, na Vilikesa mwenyewe chini karibu na mlango. Macho yake yalipomwona Pranita yakang'aa, na Pranita akajisikia ana nguvu za kusema lolote.

Akapiga magoti, akalinyoosha jino kwa mikono miwili. "Wazee wangu, nimelirudisha. Ni lenu. Halikupaswa kubaki kwetu."

Waisale aliitazama ile ncha, kisha akalipokea, akapiga makofi mazito ya taratibu, na waliomzunguka wakafuata.

"Tumesikia jibu lenu," alisema.

Vilikesa akainuka na kutoka. Pranita akamfuata uani, sari ikiburura kwenye tope.

"Vili! Nimekosea nini?"

"Wamekaa siku zote hizi wakipanga jinsi ya kuja kwenu kuposa. Kwa ajili ya Emori, na kwa ajili yangu. Nilikatazwa kusema na wewe mpaka wamalize." "Jino likikubaliwa, linabaki. Likikataliwa, linarudishwa. Umenikataa mbele ya wazee wangu, Pranita. Si ungeniachia tu ujumbe?"

"Sikujua! Vili, naapa kwa baba yangu, sikujua!"

"Umezaliwa nchi hii," alisema, akaingia ndani.

Nyumbani Pranita alianguka kwenye sakafu ya jikoni, akamwekea Shangazi zile bangili mapajani na kumweleza yote. Alipomaliza, Shangazi akageuka, akaugusa ubao kwa vidole.

"Babu yako alilipokea kwa adabu tu, majirani walikuwa wanamtazama. Kesho yake wakamweleza alichokubali. Akasema litarudi asubuhi ileile. Nikaliiba mimi."

"Wewe, Shangazi?"

"Alinipiga mpaka bega likatoka. Sikusema. Lisiporudi, hajakataa. Nilikuwa mchumba wa Emori tangu siku ile." Akamtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Mpaka leo, mwanangu. Umeniachisha wewe."

Pranita alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akapiga simu, na ilipokosa kupokelewa akaacha ujumbe wa sauti. "Usinirudie mimi kama hutaki. Lakini mwambie Baba Mkubwa kwamba aliyelificha ni Shangazi yangu, na alilificha ili lisirudi. Amelilinda maisha yake yote. Mwambie hivyo tu, Vili."

Simu haikujibiwa. Walikuja wenyewe.

Waisale aliketi sakafuni, mikeka mipya ya posa nyuma yake, Vilikesa kando yake macho chini. Jino lilikuwa mapajani mwa mzee. Akaangalia huku na huku akimtafuta mwanamume wa nyumba.

"Wa kupokea ni nani?"

"Wote wamekufa," alisema Shangazi Kamla. "Nimebaki mimi. Kwanza niambie. Emori alisemaje, jino lilipokaa kimya?"

"Tulimtafutia wasichana, mama. Akakataa. Alisema ana mke Samabula, jino halijarudi. Hata wenzake kambini walijua hivyo."

Shangazi akafumba macho. "Basi ni mimi niliyemfunga. Lingerudi, angeoa. Angekuwa na watoto wa kumzuia asiende huko."

Akafumbua macho, akamgeukia Waisale.

"Na leo mmelileta kwa ajili ya nani?" aliuliza.

"Kwa ajili ya binti yako, akitaka."

"Pranita?"

"Nataka, Shangazi." Akamtazama Vilikesa. "Kama yeye bado ananitaka mimi mjinga."

"Nakutaka hivyohivyo," alisema Vilikesa, na kwa mara ya kwanza akainua uso.

Shangazi akanyoosha mikono, akalichukua jino. "Nimelipokea. Mchukueni."

"Tutarudi tupange siku, mama."

"Siku ni leo. Msimwache humu asubiri."

"Shangazi, nitakuachaje peke yako?"

Shangazi alitoa bangili za kijani mfukoni, akajaribu moja mkononi mwake. Ikakwama kwenye vifundo vya vidole vilivyovimba. Akaivua kwa shida, akazivisha zote mkononi mwa Pranita, akamsukuma mlangoni.

Pranita alishuka ngazi akiwa bado na ndala za jikoni. Mvua ilikuwa imeanza tena na Vilikesa akamfunika kwa mwavuli. Nyuma yao, ndani ya nyumba, wakasikia ubao ukigongwa mahali pake, kisha kiti kikiburutwa kurudi ukutani.