Ombi la Desmond Halisubiri Jumapili

Kila Jumatatu Earline Batiste hupika maharagwe mekundu na wali, kama mtaa wake mzima kule jimbo la Louisiana, Marekani. Huweka sahani mbili mezani. Ya pili huifudikiza, isiingie vumbi. Ni ya mwanawe, Desmond.

Desmond alikuwa gerezani mwaka wa tisa kwa wizi uliofanyika yeye akiwa kazini. Shahidi wa kuthibitisha hilo alikuwepo, lakini wakili wa Desmond hakumwita mahakamani. Earline alimkumbuka mwanawe mpaka kishindo cha viatu vyake ngazini.

Jumatatu moja Desmond alipiga simu. Earline akaweka spika.

"Mama, lile ombi la mahakama ya shirikisho nimelimaliza."

"Nitumie mimi, baba. Jumapili mchungaji ataliweka madhabahuni, kanisa zima liliombee. Jumatatu nitalipeleka mjini mwenyewe."

Jirani yake, Bi Verlene, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa anakula hapo mezani. Aliweka kijiko chini.

"Desmond, siku yako ya mwisho ni lini?"

"Ijumaa hii, Bi Verlene."

"Earline! Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!"

"Ala! Unanikataza kusali?"

"Sali mpaka magoti yaote sugu, mwenzangu. Lakini sheria inatoa mwaka mmoja tu baada ya rufaa za jimbo kwisha. Ombi jingine la kupinga hukumu likiwa bado mahakama za jimbo, siku hazihesabiwi. Likikataliwa, zinaendelea pale pale zilipoishia. Desmond, hoja kwamba wakili hakumwita shahidi uliipeleka mahakama za jimbo?"

"Zote, hadi ya juu kabisa."

"Vizuri. Jaji wa shirikisho hasikilizi kesi upya. Anatazama kama jimbo lilikufunga kinyume cha Katiba. Sasa tia sahihi. Kesho mkabidhi ofisa wa barua hapo gerezani, stempu zikiwa zimelipiwa. Andika tarehe na tamko la kiapo kuwa umelikabidhi siku hiyo. Kwa mfungwa, siku ya kukabidhi ndiyo inayohesabiwa, hata barua ikikawia njiani."

Earline aliisogelea simu. Alitamani kuzishika karatasi zilizoguswa na mkono wa mwanawe, na hilo ndilo lililomuuma.

"Mpe ofisa, baba," alisema mwishowe.

Barua ilifika mahakamani Jumanne ya wiki iliyofuata, Ijumaa ikiwa imeshapita. Mawakili wa jimbo walidai imechelewa. Jaji alitazama tarehe ya kukabidhi, akalitupa dai lao.

Miezi kumi na minne ikapita, na Jumatatu zake zote. Kisha simu ikalia.

"Mama! Jaji amesema nilifungwa kinyume cha Katiba! Jimbo linishtaki upya ndani ya siku mia na ishirini, au liniachie."

"Na shahidi yupo, mwanangu. Safari hii ataitwa."

"Maharagwe umepika?"

"Ni Jumatatu, unauliza nini?"

Muda wa simu ukaisha. Earline alilia kidogo, akafuta macho kwa aproni. Kisha akaishika sahani ya Desmond, akaigeuza juu.