Bodi ya Nyuzi Thelathini na Saba

Bodi ya kompyuta ilikuwa haijawashwa tangu Ijumaa, na bado ilikuwa na joto.

Kuo Shu-hua aliitoa kwenye mfuko wa kuihifadhia Jumatatu asubuhi, akaiweka mezani, akaondoa kiganja haraka. Maabara ya ghorofa ya saba haina dirisha, na kiyoyozi chake hakivuki nyuzi kumi na nane mwaka mzima. Wahandisi huvaa makoti mle ndani wakati Taipei inachemka nje. Kitu kilicholala humo siku tatu hakina pa kupata joto. Shu-hua alidhani ni mkono wake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo, na mtu wa miaka hiyo hutafuta kosa kwake kwanza.

Akaifunga bodi kwenye fremu ya majaribio. Akaketisha prosesa, akatia tone la grisi ya kupozea katikati, akakaza pampu ya maji kwa skrubu nne, pembe kwa pembe, akapachika vijiti viwili vya kumbukumbu, akaunganisha rejeta yenye feni tatu. Pembeni akaweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, ile ambayo kila maabara huiweka ili mashine iwe na adabu, akahakikisha tarehe yake haijapita. Akawasha.

Skrini ikaandika: nyuzi thelathini na saba.

Mashine yoyote huanza na joto la chumba, kisha hupanda inapofanya kazi na kushuka inapopumzika. Hii ilianza na thelathini na saba na kubaki hapo. Akaongeza kasi ya feni, ikabaki hapo. Akasimamisha feni zote tatu, jambo ambalo fundi mwenye akili zake hathubutu kulifanya kwa zaidi ya nusu dakika, namba haikutikisika. Akafungua pampu, akafuta grisi, akapaka upya, akafunga. Thelathini na saba.

"Ni kihisi kibovu hicho," alisema Meneja Chiang Li-te, aliyekuwa ameingia bila kubisha hodi. "Sasisha programu ya bodi, kitajirekebisha huko huko. Wapimaji wanaitaka Alhamisi."

"Hii ndiyo bodi ya Kaka Tung."

"Bodi ni ya kampuni, dada. Kaka Tung alikuwa anaifanyia kazi tu."

Afadhali niseme mapema kwamba huyu Chiang simpendi, na sitajisumbua kuficha. Ni mtu wa shati safi na sauti ya upole, anayekumbuka siku za kuzaliwa za watoto wa wenzake. Watu wa namna hiyo ndio wanaonitia hasira zaidi, maana ukiwashitaki unaonekana mchawi wewe.

Tung Yung-fu ndiye aliyeiandikia bodi hiyo programu yake ya ndani, ile inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuziambia prosesa na feni la kufanya. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alikuwa amekufa miezi miwili kabla ya Jumatatu hiyo, kwa moyo. Karatasi za kampuni zilisema alijisikia vibaya kazini, akashuka kwa lifti kwa miguu yake mwenyewe, akapanda gari, akaanguka mlangoni pa hospitali. Shahidi aliyemsindikiza mpaka kwenye lifti alikuwa Kuo Shu-hua. Saini yake ilikuwa chini ya karatasi, yenye mkono uliotulia kabisa.

Basi Shu-hua akachomeka flashi na kuanza kusasisha. Mstari mweupe ukatambaa kwenye skrini: asilimia kumi, thelathini, hamsini. Kwenye sitini na mbili ukasimama.

Hapo ndipo feni zilipobadilika. Zilipanda taratibu, zikakwama kileleni, zikashuka kwa mpigo mmoja, zikanyamaza kwa muda ambao Shu-hua alijikuta anauhesabu, kisha zikapanda tena kwa mkoromo mzito kama wa mtu anayevuta hewa kupitia matope. Harufu ya mafuta ya mnanaa na kafuri ikajaa chumbani, mafuta yale ambayo Yung-fu alikuwa akijipaka kwenye paji la uso kila alasiri, na baridi ya chumba ikaanza kumwuma Shu-hua mgongoni upande mmoja tu, upande wa kiti kilichokuwa kitupu. Hakugeuka. Alikaa akiutazama mstari ule kwa dakika kumi na moja kamili, mpaka ukatikisika na kwenda moja kwa moja hadi mia.

Akaandika kwenye daftari: "Kusasisha kumefaulu."

Jumanne ikawa vilevile. Jumatano akachukua bodi nyingine, mpya, ambayo Yung-fu hakuwahi kuigusa, akaiweka kwenye fremu ileile, meza ileile. Thelathini na saba. Sitini na mbili. Mkoromo. Akazima mashine, akampigia simu mke wa marehemu.

Kwa kweli mama huyo, Bi Lo Chin-yu, ndiye aliyekuwa akimpigia yeye kwa wiki nzima, na Shu-hua alikuwa hapokei.

"Nimemwota tena," Bi Chin-yu alisema, bila salamu. "Amesimama mahali penye baridi. Hana koti. Namwita, ananiambia nisubiri kidogo, bado haijaisha. Shu-hua, mimi na wewe tunajuana tangu hujaolewa. Mume wangu alifia wapi?"

"Shemeji, karatasi—"

"Karatasi nimezisoma. Nilikwenda na mganga kwenye mlango ule wa hospitali kuita roho yake. Tukatupa vibao vya kumwuliza kama anakuja mara tisa, mara tisa akakataa. Ya kumi vikakubali, lakini gari la maiti lilikuwa linapiga honi na mganga ameshachoka. Mimi najua bendera ya kubebea roho niliyoileta nyumbani ilikuwa tupu. Namwekea wali kila siku, wali hauliwi na mtu."

Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwa Shu-hua, si bodi wala Alhamisi. Mtu akifia nje ya nyumba yake huitwa kutoka mahali palepale pumzi ilipokatika, aongozwe kwa jina lake mpaka kwenye madhabahu ya wazee wake. Ukimwita kutoka mahali pengine, hasikii. Anabaki alipoachwa, na mwezi wa saba wa kalenda ya kale, milango ya kuzimu inapofunguliwa na ndugu wema, kama wafu wanavyoitwa kwa heshima, wote wanapotembea, yeye hajui hata pa kwenda kula. Shu-hua alilijua jambo hilo alipotia saini. Nalirudia, alilijua.

"Alifia maabara," alisema kwa kunong'ona. "Kwenye kiti chake. Njoo kesho alasiri, tutakuwa tunawatolea wafu sadaka mlangoni pa jengo. Meneja Chiang hawezi kukufukuza mbele ya watu wote."

Alhamisi ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi huo wa saba. Meza ndefu ilikuwa imetandikwa mbele ya jengo: maboksi ya tambi, makopo ya soda, mapapai, kuku mzima, na beseni la maji na taulo jipya ili wageni wasioonekana wanawe uso. Meneja Chiang alikuwa mbele ya wafanyakazi wote, vijiti vitatu vya ubani mkononi, macho ameyafumba, akiwaombea marehemu wasiojulikana. Bi Chin-yu alimpita akiwa amevaa suti nyeusi, pamoja na mganga wake, mzee Kang, aliyebeba bendera ya karatasi kwenye fimbo ya mwanzi.

"Shemeji," Chiang alisema, akifumbua macho. "Hukuniambia unakuja."

"Nimekuja kumchukua mume wangu. Wewe endelea kulisha wageni."

Walipanda watatu, Shu-hua akitangulia, na Chiang akawafuata mbio, ubani bado unawaka mkononi. Bodi ilikuwa inafanya kazi mezani. Hakuna aliyekuwa ameiwasha. Mzee Kang akasoma aliyokuwa nayo ya kusoma, akapiga kengele, akamwita Tung Yung-fu kwa jina, kwa mwaka wa kuzaliwa na kwa anwani ya nyumbani kwake. Bi Chin-yu akavishika vibao viwili vyekundu vilivyochongwa kama mwezi mchanga, bapa upande mmoja, mviringo upande mwingine. Kimoja kikilala bapa na kimoja mviringo, marehemu amekubali. Vyote vikilala na migongo ya mviringo juu, amekataa. Na vyote vikilala bapa juu, huyo anacheka, hajasema lolote.

"Baba Wen," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "twende nyumbani?"

Migongo juu.

"Nimekupikia uduvi. Twende?"

Migongo juu. Feni zilianza kupanda.

"Hapa ndipo mahali penyewe, anasikia," alisema mzee Kang kwa sauti ya chini. "Kuna jambo linamshika. Nani alikuwepo?"

"Hakuna aliyekuwepo," Chiang alisema. "Alikuwa ameshatoka. Shu-hua ni shahidi. Shu-hua, mwambie shemeji."

Mkoromo ulikuwa umeshajaa chumba kizima sasa, ukipanda na kukwama na kushuka, na Shu-hua, aliyekuwa ameuvumilia siku nne akijiambia ni feni, hakuweza tena kujiambia hivyo, kwa sababu alikuwa ameshausikia mara ya kwanza miezi miwili nyuma, katika chumba hikihiki, ukitoka kwenye kinywa cha mtu. Hasira ikampanda. Hakujua kama inamwendea Chiang au inamrudia yeye mwenyewe.

"Nilikuwepo mimi," alisema. "Na yeye alikuwepo. Kaka Tung alikuwa anasasisha bodi ya maonyesho. Ilipofika sitini na mbili akaanguka kifudifudi mezani, mkono wake ukalalia waya wa umeme. Nikataka kumwinua. Huyu akanishika bega, akasema usiguse, amesinzia tu, ukimsogeza waya utachomoka, umeme ukikatika katikati bodi inakufa, na wageni wako ghorofa ya chini wanaisubiri. Akasema ngoja imalize."

"Nilidhani amelala," Chiang alinong'ona.

"Alikuwa anakoroma hivi. Hivi, kama unavyosikia. Nani analala hivi? Na mimi nikangoja. Nilisimama pale nikiangalia asilimia. Ilipofika mia, huyu akanyanyua kompyuta kwanza, shemeji. Kompyuta kwanza. Kaka Tung alikuwa ameshanyamaza. Tukambeba mpaka kwenye gari la huyu, tukakuletea hadithi ya lifti."

Bi Chin-yu alimgeukia. Hakulia.

"Dakika ngapi?"

"Kumi na moja."

Akainama, akaviokota vibao, akavifuta kwa kitambaa kana kwamba vimeshikwa na mikono michafu.

"Baba Wen. Nimesikia yote. Sasa twende nyumbani?"

Migongo juu. Mzee Kang akashtuka. Mtu akishasemewa ukweli wake, kwa kawaida hulegea.

"Hutaki kwenda?"

Kimoja bapa, kimoja mviringo. Hataki.

Yule mama alifikiri. Kisha akauliza polepole, kama anayemwuliza mumewe atakula nini: "Una kazi hapa na Meneja Chiang?"

Kimoja bapa, kimoja mviringo. Akatupa tena kuhakikisha. Akatupa ya tatu, maana tatu ndizo zinazofunga neno. Zote zilikubali. Ubani uliokuwa mkononi mwa Chiang ulikuwa umeshafika vidoleni, naye hakuutupa.

"Na huyu?" Bi Chin-yu aliuliza, akimnyooshea kidevu Shu-hua.

Vibao vikaanguka bapa juu vyote viwili, vikayumba, vikatulia vikicheka.

"Hajaamua," alisema mzee Kang, bila kumwangalia.

Bi Chin-yu akavitia vibao mfukoni. Akaizungusha bendera kwenye fimbo yake, mzunguko mmoja baada ya mwingine, akaifunga kwa uzi. Chiang alipoona anaifunga ndipo sauti yake ya upole ilipokatika.

"Shemeji, nakuomba. Mchukue. Mwite tena, atakusikiliza wewe. Nitaandika upya karatasi, nitasema yote, leo hii. Usimwache humu na mimi."

Nyuma yake skrini ilikuwa imewaka yenyewe. Mstari mweupe ulikuwa unaanza kutambaa, asilimia moja, asilimia mbili, na Chiang akanyoosha mkono kuuchomoa waya wa umeme.

"Usiguse," alisema Bi Chin-yu. "Ngoja amalize. Akimaliza nitakuja kumchukua."