Wingu Ambalo Nyongesa Hakulitazama

Abalo aliingia soko la samaki la Ggaba, Kampala, kando ya Ziwa Viktoria, amevaa gauni la kijani lenye madoa meupe, na chini yake gambuti za baba yake, askari polisi mstaafu. Nyongesa, Mkenya aliyeuza barafu pale, alicheka kabla ya kujizuia.

"Cheka tu, ssebo," Abalo alimwambia, akimwita bwana kwa Kiganda. "Kwetu Bwaise hizi ndio viatu ya harusi."

Alikuwa ametumwa na kikundi cha kina mama wa Bwaise, mtaa wa bondeni jijini, walioandika daftarini kila mafuriko: yamekuja mwezi gani, yamefika wapi ukutani. Walitaka kushirikiana na wachuuzi wa Ggaba, maana mvua zao kubwa huanzia ziwani. Wakakubaliana kwamba kila asubuhi mtu wa Ggaba atatazama wingu juu ya maji na kupiga simu, Bwaise waandike na kujiandaa. Nyongesa alijitolea haraka mno, na soko zima lilijua kwa nini.

Simu za wingu zikageuka za mapenzi. Wingu lilichukua dakika moja, utani nusu saa. Abalo alimwita barafu wangu, na mahari ikaanza kutajwa.

Kisha asubuhi moja ya Aprili Nyongesa akapiga akiwa bado kitandani. Alitaka kusikia sauti yake tu. Alipoulizwa habari za ziwa, alijibu, "Shwari, mpenzi. Hakuna wingu."

Mchana Bwaise ikazama. Cherehani ya mama yake Abalo, iliyokuwa ikilisha nyumba nzima, ikalala topeni.

Nyongesa alikwenda kuchota tope, akingoja kulaumiwa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimchoma zaidi. Jumapili vikundi vyote viwili vilipokutana, Abalo alisoma alichoandika: siku hizi mvua kubwa hazianzii tena ziwani, Ggaba wametazama na hawakuona kitu. Kina mama walisema basi tabianchi imebadilika kweli, simu za asubuhi hazina maana tena, ziachwe.

Kama Nyongesa angenyamaza, angebaki na mchumba, na mvua ijayo ingewakuta watu hawa wamelala. Alisimama.

"Wingu lilikuwepo," alisema. "Wavuvi wote waliliona. Mimi nilikuwa kitandani."

Abalo alikata ule mstari, akaandika juu yake: Ggaba hawakutazama.

"Jina yako sijaandika," alisema bila kumwangalia. "Hiyo utaenda kumwambia mama mwenyewe."

Alikwenda. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kitambaa na mafuta ya taa, wakasugua cherehani pamoja.

Kesho yake alfajiri simu ililia.

"Uko wapi?" Abalo aliuliza.

"Ufukweni."

"Siamini. Weka simu karibu na maji."

Alichuchumaa akaiweka. Alipoirudisha sikioni, Abalo alikuwa amekata. Ikawa hivyo kila asubuhi kwa wiki sita; habari za wingu Nyongesa alimpa mama kwa simu, wala hakulalamika, maana alijua alichofanya.

Asubuhi moja aliirudisha sikioni akakuta bado kuna pumzi.

"Nipo, barafu wangu," Abalo alisema. "Sasa niambie, ziwa likoje?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Nyongesa alilimeza, akainuka, akatazama maji kutoka upande mmoja hadi mwingine, ndipo akamwambia.