Programu Iliyobisha Hodi Siku ya Jaani

"Jino limeuma."

Maneno mawili tu ya siri kwenye simu: hatari imeingia. Virve Laanemets akaweka chini kisu cha viazi.

"Wapi, bosi?"

"Daftari la wakazi," alisema Raivo, mkuu wake wa ujasusi. "Programu imebisha hodi. Imeonyesha ufunguo wa siri wa kliniki ya meno mjini Tartu. Ufunguo halali kabisa, mtambo ukaipa kibali cha saa moja. Inataka anwani ya mtu mmoja."

"Vello?"

"Vello. Jibu nimelishikilia."

Vello Kask alikuwa shahidi. Aliwataja wauza silaha wa ng'ambo, akafichwa. Wakimpata leo, kesho anazikwa.

"Umejuaje si daktari?"

"Leo sikukuu ya Jaani, Virve! Nchi nzima iko kando ya mioto ya sherehe inachoma soseji. Daktari gani anang'oa meno leo?"

Virve akacheka. "Kaiba ufunguo, kasahau kuiba kalenda."

"Naufuta sasa hivi."

"Weee! Ukiufuta, mwizi ataiba ufunguo mwingine. Ijibu."

"Niijibu nini, we mama?"

"Anwani yangu."



"Virve, unaishi peke yako."

"Ndiyo maana."

Raivo akabonyeza.

Virve akaandaa meza. Viazi, samaki wa siki, mkate mweusi. Sahani mbili. Miaka saba ile ya pili haikuwa imetoka kabatini. Ikabidi aifute vumbi. Chini ya kitambaa, bastola yake, Glock.

Saa kumi na dakika ishirini, kitasa kikazunguka.

Hodi hakupiga. Programu yake ilikuwa na adabu kumshinda.

Liliingia jitu refu, bastola yenye kiziba sauti mkononi.

"Vello yuko wapi?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Viazi vinapoa."

Akatazama meza. Sekunde moja tu.

Ilitosha. Mdomo wa Glock ukamgusa sikio.

"Dondosha. Polepole, umenikanyagia zulia."

Makachero wa Raivo waliokuwa wamejificha wakatoka chumbani, wakamfunga pingu. Simuni mwake: nakala ya ufunguo, na jina la aliyemtuma.

"Tumeufuta," Raivo alisema hewani. "Bwana mkubwa wao naye kadakwa bandarini. Vello salama. Njoo kwetu basi, mke wangu anakuulizia."

"Nitakuja."

Wote wawili walijua haji.

"Nimwambie Vello nani kamwokoa?"

"Mwambie ale soseji yake."

Virve akavaa koti, akatoka. Jua lilikuwa bado juu, mtaa wote wa Kalamaja milango imefungwa, watu wameenda kwenye mioto. Akatembea katikati ya barabara, mikono mfukoni, wala hakuna gari lililompigia honi.