Noti Tano za Chumba cha Mtoni

Jua lilikuwa linazama Sikio, mpiga gitaa wa bendi, alipoingia dukani kwa fundi wa magitaa, uso kaukunja kama nguo iliyokosa pasi. Uzi wa kwanza wa gitaa lake ulikuwa umekatika tena. Mara ya tatu wiki hii.

"Shikamoo, mama. Uzi mmoja tu, nina haraka."

"Marahaba. Haraka ya nini, mwanangu, na gitaa lenyewe linakukataa?"

Hakucheka. Asubuhi dada yake, kiongozi wa bendi, alimwambia bila kupepesa macho: "Undugu nyumbani, mdogo wangu. Kesho bila wimbo mpya, nafasi yako anaichukua mwingine."

Na wimbo haukuwapo. Zamani safari za bendi ndizo zilikuwa shamba lake la nyimbo. Kila mji walioingia, kabla hata ya kuvua viatu, alibandika sikio ukutani, akakaza nyuzi kufuata chochote kilichonguruma humo: pampu ya maji, feni, mashine ya kupasua mbao ng'ambo ya barabara. Mji wa reli ulimpa mdundo. Mji wa viwanda ulimpa besi. Lakini tangu walale ile nyumba ya wageni kando ya mto, miji minne nyuma, kila ukuta ulimwimbia noti zilezile tano. Tano tu! Alegeze, akaze, ni hizohizo. Alishafikia kutaka kulivunjia gitaa gotini.

Fundi akafunga uzi. "Jaribu."

Akapiga.

Fundi akaweka koleo chini, taratibu.

"Hizo umezitoa wapi?" alinong'ona.

"Chumba cha mwisho, pale mtoni. Kuna mtu alikuwa anaguna nyuma ya ukuta, nikakaza nyuzi kumfuata. Kosa?"

"Chumba hicho nimeshasimuliwa. Nyuma ya ukuta ule ni maji matupu, mwanangu."

Sikio akamkazia macho.

"Mama, mafumbo sitaki. Sema moja kwa moja."

Fundi akainua kidole. Ukutani yalining'inia magitaa matatu yenye vumbi, nyuzi zimelegea hadi zinapepea.

"Wenye magitaa haya walileta noti hizohizo, kutoka chumba hichohicho. Kila mmoja alitaka uzi wa kwanza. Wakaniachia magitaa, wasirudi. Nimeyalegeza kwa mikono yangu. Haya, sikiliza..."

Harufu ya matope ikajaa dukani.

Uzi uliolegea hautoi sauti. Sikio alilijua hilo tangu utotoni, alipojifundisha mwenyewe bila mwalimu. Lakini magitaa yale yalikuwa yanaguna.

Noti ya kwanza... ya pili... ya tatu...

Simu ikalia. Dada.

"We mtoto, fungua mlango! Nimegonga mpaka mkono unauma. Ila leo sikugombezi. Huo wimbo... aa, umenitoa machozi! Robo saa nzima nimesimama koridoni hapa hotelini nakusikiliza."

"Dada, simo chumbani. Niko dukani. Gitaa ninalo mkononi."

"Acha utani wako."

Nyuma ya sauti yake gitaa lilikuwa likilia, safi kabisa. Noti tano zikazaa kumi, kumi zikazaa wimbo mzima. Ndio ule aliousumbukia miji minne.

"Dada, ondoka hapo mlangoni. Nakuomba."

Gitaa likanyamaza. Kitasa kikalia.

"Eeh, hatimaye!" dada akacheka. "Mbona umelowa hivyo? Haya, nafasi ni yako, nani akunyang'anye!" Kisha sauti ikamshuka.

"Ngoja kwanza... Wewe wa kwenye simu, ni nani?"