Fundi Kasema Imekufa

Siku ya gulio mjini Lushoto, ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Ismaili, fundi wa redio na mashine za ofisini, alijipenyeza kati ya matenga ya kabichi kutoka Lukozi akimfuata Mwalimu Rubeni. Mwalimu alitaka kununua printa ya mtumba, na hakuwa mjinga. Mashine iliyotumika hainunuliwi bila kwenda na fundi, na fundi akishasema, maneno yamekwisha.

Hakumwambia Ismaili printa ni ya nani. Walipokata kona nyuma ya stendi na kukielekea kibanda cha Filomena, alichokikwepa tangu masika, Ismaili alipunguza mwendo. Kurudi nyuma ilikuwa aibu. Akaingia.

Filomena alikuwa amevaa sweta jekundu juu ya gauni la kitenge, kichwani kasuka twende kilioni, na bado alipendeza kuliko wote waliokuwa sokoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Nimekuja na fundi wangu."

"Namwona." Akamgeukia Ismaili. "Kumbe simu imekushinda lakini miguu unayo. Nilikubipu mpaka kidole kikaota sugu."

"Sikuwa na vocha."

"Tangu masika?"

Mwalimu akacheka, akatoka nje kuongea na mtu anayemfahamu. Ismaili akainama kwenye printa ili asimtazame mtu usoni.

"Niliambiwa umeposa kijijini Malindi," Filomena akasema taratibu.

"Mama ndiye aliyeposa. Hataki mkwe Mkristo, tena mtoto wa wachuma chai. Mimi nilikataa."

"Ukakataa, halafu ukaninyamazia?"

Ismaili akafungua kifuniko cha printa. Alikuwa mwepesi wa kufungua mashine za watu, lakini mdomo wake mwenyewe ulimshinda.

"Basi sikia na hili," Filomena akasema. "Dada yangu kanipatia kazi Njombe. Nikishauza hii, naondoka."

Mwalimu akarudi. Ismaili akachomeka waya, akasikiliza mashine ikiamka. Mota ilikuwa nzima. Magurudumu yalivuta karatasi bila kukwama. Akabonyeza kitufe cha majaribio, karatasi ikatoka: weusi umekatikakatika kama kanzu iliyoliwa na mende, wekundu hafifu, buluu haipo kabisa.

Akatoa katriji za wino, akapangusa kichwa cha kuchapia kwa kidole. Wino ulikuwa umegandia tu. Printa ikikaa bila kazi, wino hukauka kwenye vitundu. Kitambaa, maji ya uvuguvugu, subira kidogo, na inachapa kama mpya. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

"Vipi, fundi," Mwalimu akauliza, "inatibika?"

Ismaili akamtazama Filomena. Ikinunuliwa, anakwenda.

"Kichwa kimekufa," akasema. "Usinunue, mwalimu."

Mwalimu akaaga, akaondoka. Filomena akaishika ile karatasi yenye mabaka.

"Kimekufa kweli, Ismaili?"

"Kimekufa."

"Haya. Fundi kasema."

Jioni Ismaili alipanda juu kidogo, barabara ya Magamba, mahali simu inaposhika, akapiga. Ikapokelewa mara moja.

"Leo vocha umeokota wapi?"

"Nimeuza suruali."

Akamsikia akicheka, kile kicheko kilichompa homa mwaka uliopita. "Wewe mtu wewe! Unataka nini?"

"Kesho nije."

"Njoo mapema, basi."

Njoo mapema! Alishuka akipiga mluzi. Ataiponya printa mbele ya macho yake, kisha atamwambia nimekuja kukuoa, mama apende asipende.

Asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akabeba chupa ya chai yenye maji ya moto na kitambaa safi. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nje ya kibanda, Hamisi muuza vipuri alikuwa amekaa juu ya gunia, printa iko vipande vipande mbele yake, waya umekatwa, bodi imepasuliwa kwa nyundo. Filomena alisimama pembeni akiwa na begi.

"Umechelewa kidogo," akasema. "Nilitaka tuagane. Nimempa Hamisi kwa nauli ya kunifikisha Mombo. Huko nitaomba lifti ya lori. Hiyo chupa ni chai?"

Angeweza kusema ni chai.

"Ni maji ya kusafishia kichwa. Hakijafa, Filo. Nilijua tangu jana."

Hamisi akaacha kufungua skrubu.

"Nilitaka usiende," Ismaili akasema. "Nisamehe, mpenzi."

Filomena hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mapenzi yako nilishaacha kuyaamini," akasema. "Lakini neno lako juu ya mashine niliona halina doa. Jana ungesema 'usiende', ningeuza printa, nikabaki hapahapa na wewe. Neno moja tu, Ismaili."

"Usiende."

Akaliinua begi lake, macho yamejaa machozi.

"Sasa hata hilo sijui kama ni zima."

Kule stendi, basi la Mombo likapiga honi. Ismaili akamwachia Hamisi chupa, akalichukua begi na kumbebea hadi mlangoni mwa basi, maana hakuwa na kingine cha kumfanyia. Filomena akalipokea, akasema asante kama anavyoambiwa mchukuzi yeyote, akaenda kutafuta kiti.