Sauti ya Benita na mashini yenye kuzimika

Wajukuu wangu wenye munanisoma mu simu, mimi koko yenu nawategea: ng'ombe moja, ndama saba zinanyonya pamoja. Ya nane ikija kunyonya, mama anaanguka. Ni nini?

Fikirini pole pole. Mimi jibu nililipata na machozi…

"Mama, ni mimi Benita. Usiogope, niko na…"

Puu!

Kioo cheusi. Sauti ya binti yangu ikakatika katikati ya neno. Tena!

Niwaeleze vizuri. Vita ilitufukuza mu milima ya Masisi, tukafikia Shasha, mu nyumba ya mbao kandokando ya barabara. Mujukuu wangu Anastasie alisoma informatique. Alikuwa na ordinatere yake, kompyuta moja ya zamani na panneau ya jua juu ya paa, anaandikia watu barua, anawekea vijana muziki.

Mama yake, Benita wangu, alibakia Rubaya, anauzia wachimbaji chakula. Antene ya kule ikaangushwa, barabara ikafungwa. Tukakosa habari yake kabisa.

Halafu Sylvain akatokea, muchimbaji wa Rubaya, kwa miguu, matope ingali mu kucha. Akatoa mufukoni simu ya Benita, imepasuka.

"Uliipata wapi, mwanangu?"

Akaangalia chini. Akasema tusikilize kwanza kadi yake, kuko sauti ndani.

Ile kadi simu zote ziliikataa. Ordinatere tu njo iliikubali, na kale kachombo ka kusomea kadi. Lakini kila tukikachomeka, sauti inaanza… puu!

Anastasie akasema ni virusi. Akasafisha mashini, bure. Akasema ni joto, akaipepea na sahani, bure. Jirani yetu Drocella, mwenye alikuja kuangalia simu yake kama imeshajaa chaji, akanong'ona kwamba sauti ya wafu haipendi kusikilizwa.

Nikamwambia mutoto wangu iko muzima, achunge kinywa chake.

Anastasie hakutusikia. Alikuwa ameinama nyuma ya mashini. Pale kulikuwa kijiti kimoja cha USB chenye matundu mengi, na simu saba za majirani zimening'inia juu yake, zinachaji.

"Koko, ona. Hizi zote zinakula mu tundu moja ya mashini. Tukiongeza kadi, courant ya umeme inakosa, mashini inaanguka."

Mumeiona sasa ng'ombe yangu?

Kuzitoa haikuwa kazi ya mukono. Ilikuwa kazi ya roho… Kwetu milimani, makaa ya moto hayanyimwi jirani. Mwanamuke akija na kigae chake asubuhi, unamutilia makaa, hata kama jana mulitukanana. Na hii courant ya jua sisi tuliihesabu ni moto. Anastasie hakujua kumurudisha muntu. Kila simu pale ilikuwa na muntu wake upande mwingine wa vita, anangojewa.

Hatukujua ile kadi itatukulia saa ngapi; nikazichomoa zote mimi mwenyewe. Nikasimama mulangoni, nikazirudisha kwa wenyewe.

Drocella aliniangalia machoni.

"Koko, siku hizi moto inanyimwa?"

"Leo inanyimwa."

"Sawa. Na mimi niko na mutoto Walikale, ao ulisahau?"

Sikusahau. Nikamuacha aende.

Tukafunga mulango. Anastasie akachomoa kile kijiti, akachomeka kachombo ka kadi mu mashini yenyewe, peke yake. Tukashikana mikono. Tukangoja izimike…

Haikuzimika!

"Mama, ni mimi Benita. Usiogope, niko na afya. Huku imekuwa mubaya. Mvua ikiacha tu, nafunga mizigo, napita mu pori na wanawake wa Walikale, naenda Bisie, kule kwao. Réseau ya simu ikirudi, hii sauti itakufikia. Ambia Anastasie asikuwe anasahau kula."

Nikapiga vigelegele! Anastasie analia, anacheka, anasema, "Koko, iko Bisie, Mama iko Bisie!" Mimi tayari nauliza nani anaenda Walikale, nimutumie kitenge. Nikageuka kumukumbatia Sylvain.

Mabega yake ilikuwa ngumu kama mbao.

Wajukuu, muchukue hii kwa koko yenu. Moto mugawe, lakini mujue ng'ombe yenu iko na maziwa ya ndama ngapi. Na muntu akikuletea kitu cha mupenzi wako, halafu anakwepa swali lako, usikimbilie kucheza. Keti. Uliza tena.

Nikaketi. Nikauliza tena, sauti ya chini.

"Sylvain. Simu uliipata wapi?"

Anastasie akaacha kucheka.

"Mu mukono yake, Mama. Mvua iliangusha mulima juu ya wachimbaji na wenye kuwauzia chakula. Tulichimba, tukashindwa. Mukono njo ilibakia inje."